Goti la Theuri na Kiti Kisichoguswa

Mtoto wa marehemu kaka yangu anaitwa Theuri, na mimi humwita baba. Usicheke, hujaelewa bado. Kwetu mtoto wa kiume wa kwanza hupewa jina la babu yake mzaa baba, na akishapewa jina amepewa mtu mzima mzima. Kwa hiyo huyu Theuri, niliyembeba mgongoni akanikojolea shati la Krismasi, ndiye baba yangu. Akitaka kunikera huniambia, "Mwai, kijana wangu, niletee maji." Nami huleta. Mama yangu Kagure, aliye na miaka karibu tisini na masikio makali kuliko ya paka, humwita "mzee wangu", naye Theuri humwita Shosho, yaani bibi, na kuku akichinjwa paja huenda kwa Theuri kabla ya kuja kwangu mimi mwanawe wa tumbo. Nimezoea.

Theuri ana miaka thelathini na tisa. Anaishi na mama kule Naromoru pamoja na mke wake Wacera, na kazi yake ni kunoa visu kwa baiskeli. Kama hujawahi kumwona mtu wa kazi hiyo, basi sikiza. Baiskeli ina stendi pana ya chuma. Akifika kwenye bucha anaishusha stendi, gurudumu la nyuma linabaki hewani, anatoa ukanda kutoka gurudumu hilo hadi kwenye jiwe lililofungwa mbele yake juu ya bomba, halafu anapanda na kukanyaga pedali. Jiwe linazunguka, kisu kinalia, cheche zinaruka. Maana yake ni kwamba anakanyaga pedali kwenda kazini, anakanyaga akiwa kazini, na anakanyaga kurudi nyumbani. Watu wengine wakifika kazini miguu inapumzika. Yake ndiyo kwanza inaamka.

Wateja wake wako Naromoru na Kiganjo, lakini nguzo ya nyumba ni Alhamisi. Siku hiyo huenda Nanyuki kwa Mzee Garad, mfanyabiashara wa mifugo mwenye bucha tatu na visu arobaini. Garad akiondoka, Theuri anabaki na vijisu vya kukatia sukuma wiki vya akina mama sokoni, na hivyo havilishi mtu.

Sasa baiskeli yenyewe. Ni ile nyeusi, nzito, ya zamani, ambayo ukiiangusha barabarani ni lami inayoumia. Ilikuwa ya baba yangu, yaani Theuri wa kwanza, aliyekufa nikiwa na miaka sita. Ilining'inia juu ya moshi wa jikoni kwa miaka mingi mpaka mjukuu alipotaka kuanza kazi. Mama akaamuru iteremshwe, akampa pamoja na sheria moja.

"Badilisha tairi, badilisha cheni, ipake hata rangi ya waridi," alisema. "Lakini kiti usiguse. Kimekaa pale mzee alipokiacha. Na mzee si ni wewe?"

Nani angebisha? Mtu amesafiri, amerudi, amekuta kiti chake kiko vile vile. Kwetu sisi hiyo ilikuwa heshima na pia ilikuwa kumbukumbu, kwa sababu kiti kile kilikuwa chini kabisa, kimekaa juu ya bomba kama kuku anayeatamia. Watoto wakituuliza babu yao alikuwa wa kimo gani, tulikuwa tunaonyesha kiti. Alikuwa mfupi, tuliwaambia. Picha yake ni moja tu, na ameketi. Mimi mwenyewe sikumbuki vizuri, maana ukiwa na miaka sita kila mtu ni mrefu, hata mbuzi.

Huyu Theuri wa pili naye ni mkaratusi. Akikaa kwenye kiti kile nyayo zote mbili zinalala chini, na akikanyaga pedali magoti yanakuja karibu na viwiko. Vijana wa stendi ya boda walimwita Panzi. Yeye aliwajibu, "Panzi analala ameshiba, nyinyi je?" Ikaisha.

Miaka kumi na mitano ilienda hivyo, halafu Januari hii goti la kulia likaanza.

Hapa ndipo tulipopotea sote, na nitasema ukweli kwamba nilipotea nikiwa mbele nikiongoza wengine. Goti lile halikuwa na akili. Lilimuuma mbele, chini ya kile kifuniko. Akitembea kwenda shambani, halina neno. Akipanda mlima na baiskeli, linawaka. Akiteremka ngazi linauma kuliko akizipanda. Ajabu kubwa zaidi, akikaa kanisani saa mbili bila kufanya kitu, linauma wakati wa kusimama kuimba. Niambie wewe uliyesoma, goti gani hilo linaumwa na kukaa?

Kwenye kliniki nesi alilibonyeza, akalikunja, akalinyoosha. Halikuvimba, halina maji, hakuna mfupa uliovunjika. "Punguza baiskeli," akasema. Ni kama kumwambia mwalimu apunguze watoto. Wacera alilifunga majani ya kabichi. Majirani walisema ni baridi ya mlima imeingia mfupani, kwa hiyo akavaa suruali mbili. Mwingine akasema anywe supu ya kwato, akainywa wiki tatu. Kitu pekee kilichobadilika ni tumbo.

Goti likitajwa mama alikuwa anainama kusukuma kuni ndani ya moto, hata kama zilikuwa zimeshafika.

Basi wakaniita mimi. Mimi najua baiskeli. Mwaka wa themanini na tisa nilikimbia mashindano ya kanisa kutoka Skuta, hapo ninapoishi mpaka leo, hadi Kiganjo, nikashika nambari tatu. Tuliokimbia tulikuwa wanne, lakini hilo ni la watu wa hesabu. Nililitazama goti la Theuri, nikaguna kama daktari.

"Baba," nikamwambia, "goti lako limelegea kwa sababu ya kazi nyepesi. Linataka mazoezi."

"Ankoo, nakanyaga siku sita kwa wiki."

"Unakanyaga hewa. Ngoja nikuwekee gia ya wanaume."

Nikatoa ile gia ya gurudumu la nyuma, nikaweka ndogo yenye meno machache, ili kila mzunguko wa pedali uwe mzito. Nilifanya kwa mikono yangu, na sikutaka hata chai. Baada ya wiki mbili Theuri alikuwa hawezi kuchuchumaa. Nilimwambia kwa simu kwamba hiyo ni dalili ya kupona. Alikata simu, na nikajua hajafurahi, kwa sababu hata hakuniita kijana wake.

Alikosa Alhamisi moja. Akakosa ya pili. Nilikuwa Naromoru Jumanne iliyofuata wakati Garad alipopiga simu, na Theuri akaiweka kwa sauti ili sote tusikie.

"Theuri, wewe ni mgonjwa ama umehama?"

"Niko na goti, Mzee Garad."

"Kila mtu ako na goti! Mimi niko na mawili. Wauzaji wangu wanararua nyama kama fisi, visu zimekuwa vijiko. Na Idd ya kuchinja inakuja, wiki mbili na kidogo."

"Najua, mzee."

"Kama huwezi, nitanunua jiwe la stima Nairobi. Sitaki, wallahi. Lile linachoma kisu, kinakuwa laini, siku mbili kimekufa. Lakini nitafanya nini? Kuja Alhamisi tuonane."

Simu ikakatika. Wacera akaondoa sahani ambazo bado zilikuwa na chakula. Jiwe la stima, yaani la umeme, likishanunuliwa halirudishwi dukani, na bucha nyingine za Nanyuki hufuata analofanya Garad. Sote tuliokuwa pale tulilijua hilo, hata goti lilijua.

Alhamisi nikasema naenda naye nijionee. Yeye mbele na baiskeli, mimi nyuma nimepakiwa na boda, nikamwambia kijana wa boda aende polepole ili nichunguze. Nilichunguza kilomita ishirini na ushee. Niliona goti likipanda na kushuka. Niliona linatupwa nje upande kama bawa la bata. Niliona anasukuma pedali kwa kisigino, na kila akisukuma bega linashuka nalo. Kwenye mwinuko baada ya mto Burguret alishuka akaikokota baiskeli kwa mkono. Yote hayo niliyaona, na ningeulizwa nimeona nini ningesema nimeona goti.

Nyuma ya bucha kubwa ya Garad kuna ua. Siku hiyo palikuwa na ngamia wanne, na mmoja, dume lenye hasira, alikuwa amefungwa pembeni. Theuri akashusha stendi, akapanga visu, akaanza. Alipofika kisu cha saba alisimamisha jiwe, akalishika goti kwa mikono miwili kama mtu aliyeshika kikombe cha moto. Akapanda tena. Akashindwa.

Garad alikuwa ameketi juu ya kreti, chai mkononi, macho kwa Theuri, halafu kwa ngamia, halafu kwa Theuri.

"Mzee Mwai," akaniita. "Huyu kijana wako nani amemfunga?"

"Si kijana wangu, ni baba yangu," nikasema, kwa mazoea.

Garad akanitazama juu ya kikombe. "Sawa," akasema. "Huyu baba yako nani amemfunga?"

"Amefungwa wapi?"

"Ona yule ngamia. Ngamia ukitaka asiende, hufungi shingo. Unakunja mguu wa mbele hapa kwa goti, unazungusha kamba. Atasimama, atakula, ataruka-ruka, lakini hafiki mbali. Na ukisahau kumfungua siku nyingi, goti linaharibika. Sasa ona huyu. Mguu ukiwa juu, goti limekunjwa. Mguu ukiwa chini, bado limekunjwa. Linafunguka saa ngapi? Kamba yake ni hicho kiti."

Nilimtazama Theuri. Nilimtazama ngamia. Ndugu msomaji, mimi ni mtu wa nambari tatu, na nilihisi kama nimepigwa na kitambaa cha maji usoni. Lakini bado sikuelewa, kwa sababu kiti kile kilikuwa pale siku zote. Mbona hakikumuuma akiwa na miaka ishirini na tano?

"Ukiwa kijana unaweza kulala hata juu ya mawe," Garad akasema. "Inua kiti."

"Hakiguswi," Theuri akajibu akiwa bado ameshika goti.

"Kwa nini?"

Tukamweleza, mimi nikianza na yeye akimaliza. Jina, babu, kiti, sheria ya mama. Garad alisikiza mpaka chai ikapoa.

"Kwa hivyo mzee wa zamani alikuwa mfupi."

"Mfupi sana," nikasema.

"Na huyu ni yeye."

"Ni yeye."

"Basi amerefuka. Mtu akirefuka si ananunua suruali ingine?"

Theuri alicheka kidogo, lakini akatikisa kichwa. "Shosho alinipa sheria moja tu ya kushika, mzee. Siwezi kuivunja nyuma ya mgongo wake."

"Basi ongea na Shosho wako. Leo umenoa saba. Alhamisi kabla ya Idd nataka arobaini. Zikibaki hata tano, nanunua stima, na hatutagombana."

Theuri akarudi nyumbani akiwa nyuma ya boda na mimi nikaleta baiskeli. Sitasema nilipanda au niliikokota.

Mama alikuwa jikoni anamenya viazi. Nilikuwa nimepanga hotuba njia nzima, yenye utangulizi na mstari wa Biblia, lakini nilipofungua mdomo ikatoka yote kwa mara moja: ngamia, kamba, suruali, stima. Mama akaendelea kumenya. Kiazi kikaisha, akachukua kingine, akakiweka chini.

"Theuri," akasema, "simama hapo mlangoni."

Akasimama. Mlango wa jiko lile la zamani ni mfupi, kwa hiyo akainamisha kichwa.

"Hapo hapo," mama akasema. "Hata yeye alikuwa anainama hivyo. Hivyo hivyo."

"Yeye nani?" nikauliza.

"Baba yako."

"Mama, baba alikuwa mfupi!"

"Nani alikuambia? Baba yako tulitafuta jeneza mpaka Nyeri mjini, la hapa halikumtosha."

Nikakaa juu ya debe. Miaka hamsini nimekuwa na baba mfupi. Nimewaonyesha watoto wangu, nimewaonyesha wajukuu, nimejivunia hata mimi mwenyewe kwamba nimemzidi kimo. Sasa alikuwa anarefuka mbele yangu na sijui nimweke wapi.

"Na kiti je?" Theuri akauliza polepole.

"Kiti nilishusha mimi."

Akatuambia bila kututazama. Mwaka ule wa mwisho baba alilala kitandani, na maziwa lazima yafike kwenye kituo cha kuyakusanyia kabla jua halijachomoza. Mwanamke juu ya baiskeli wakati ule, tena mke wa mzee wa kanisa, angezungumzwa hadi Kiriaini. Kwa hiyo alivaa koti na kofia ya mumewe, akakishusha kiti kwa kukigonga na jiwe kwa sababu hakuwa na spana, akajifunza peke yake shambani siku tatu, halafu akabeba maziwa mwaka mzima. Watu walimsalimia gizani, "Mzee Theuri, umepona?" Yeye alikuwa anakohoa, wanapita.

Wacera, aliyekuwa anaosha kikombe, alicheka mpaka kikaanguka. Mama hakucheka.

"Alipokufa niliitundika," akasema. "Nikasema yeye ndiye aliyeacha kiti hapo, na nyote mkaamini. Nikaona vibaya kuwarudisha nyuma. Halafu ikawa kila nikitazama kile kiti najiona. Hakuna mtu mwingine aliyeniona kule barabarani."

"Na goti langu, Shosho?" Theuri akauliza. Hakuuliza kwa hasira. Ingekuwa mimi ningevunja kitu.

"Nilisema labda ni baridi," mama akasema. "Nilitaka iwe baridi." Akafuta mkono kwenye leso. "Kiinue, mzee wangu. Kesho asubuhi. Na mimi nitakuja nione."

Asubuhi tukaenda kwa fundi wa baiskeli pale sokoni, Mutahi, mtu mdogo mwenye mdomo mkubwa. Mama alikaa kwenye benchi lake na fimbo yake. Kiti kiligoma. Kutu ya miaka hamsini si mchezo. Mutahi alikimwagia mafuta ya taa, akangoja, akapiga nyundo, akamwaga tena, na kilipolegea kilipiga kelele hadi wauza viazi wakageuka.

"Panda," Mutahi akamwambia Theuri huku nimeshikilia baiskeli. "Weka kisigino kwa pedali, iende chini kabisa. Mguu unyooke, usijivute. Hapo. Ukitumia nyayo ya mbele sasa, goti linabaki na mkunjo kidogo tu. Huo mdogo ndio tunataka." Akapima kwa vidole. "Inataka kupanda vidole saba. Leo tunapandisha vitatu, baada ya siku kadhaa viwili, halafu viwili. Mwili ukishangazwa unakasirika."

Kisha akainama nyuma, akaona gia. "Na hii uchafu nani aliweka?"

Mama akanitazama. Wacera akanitazama. Hata Mutahi aligeuka, na hakuwa anajua chochote.

"Ilikuja na baiskeli," nikasema.

"Kijana wangu," Theuri akasema, "sema ukweli mbele ya mama yako."

Mutahi akaweka gia kubwa yenye meno mengi, kubwa kuliko hata ile ya kwanza. Akamwambia asikanyage kwa kisigino, atumie ile nyama ya mbele ya mguu. Goti litazame mbele, lisitoke nje. Mwinuko ukija asisukume kama anayechimba shimo, azungushe upesi upesi na kwa wepesi, kama anayekoroga uji usishike chini. Theuri akazunguka soko mara moja. Aliporudi akataka kushusha miguu kama alivyozoea, ardhi haikuwepo, akaanguka polepole juu ya gunia la karoti la mwanamke mmoja wa Timau.

"Nani alihamisha chini?" akauliza akiwa amelala pale. Mama ndipo akacheka.

Sitakudanganya kwamba goti lilipona siku hiyo. Wiki ya kwanza lilikuwa linauma siku moja na siku nyingine linanyamaza, na yeye akawa na wasiwasi zaidi ya mwanzo, maana maumivu ya kila siku alikuwa ameyajua. Nyama za nyuma ya paja zikaanza kulalamika, mahali ambapo hapakuwahi kusema kitu. Nilimwambia labda ugonjwa umehama. Akaniambia nirudi Skuta. Alhamisi ya kwanza alinoa visu ishirini na mbili, na Garad akahesabu kumi na nane vilivyobaki kwa sauti.

Kiti kikapanda vidole viwili, kisha viwili tena. Jioni moja Wacera alinipigia simu akasema Theuri ametoka kanisani, amesimama kuimba, hakushika benchi. Nilimwuliza ana uhakika. Akasema alikuwa anatazama goti, hakusikia hata mahubiri.

Alhamisi ya kabla ya Idd nilikuwa uani kwa Garad mapema, nimekaa kwenye kreti yake. Theuri alifika akiwa juu ya baiskeli, hakuikokota. Alikuwa mrefu kule juu kuliko nilivyowahi kumwona, mguu ukinyooka, ukikunjika, ukinyooka. Akashuka kwa kuruka, maana sasa huruka. Akashusha stendi, akatoa ukanda.

Kisu cha kumi, akaendelea. Cha ishirini alisimama akanywa maji, mimi nikaacha kupumua, lakini yalikuwa maji tu. Kwenye thelathini na moja alishuka akatembea kuzunguka ua mara moja, akalikunja na kulinyoosha goti, akapanda tena. Garad alikuwa ameacha wateja mbele, akasimama mlangoni na mikono nyuma.

Cha arobaini kilikuwa kile kirefu cha kuchinjia. Theuri alikipitisha mara nne upande huu, mara nne upande ule, akakifuta kwa kitambaa, akakitoa mpini mbele. Garad akakipokea, akanyoa nacho nywele za mkono wake mahali padogo, akapuliza.

"Piga simu Nairobi," akamwambia kijana wake wa dukani, "waambie jiwe sitaki tena."

Halafu akamgeukia Theuri. "Kesho kuna ngamia wa kuchinja wawili. Hiki kirefu nabaki nacho, hizo zingine pelekeni ndani."